Ngazi za Shangazi

Kamati ya harusi ya Chiriku ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na msemaji, na wote wanne walikuwa Shangazi. Mjomba alikuwa mjumbe. Kazi ya mjumbe ilikuwa kubeba futi ya kupimia na kusema "kweli kabisa" kila Shangazi alipovuta pumzi.

Bibi hakuwa na cheo. Yeye alikuwa na magoti. Yalikuwa mawili kama ya watu wengine, ila hayakuwa na msimamo mmoja: moja likikubali kusimama, jingine linaomba jambo lijadiliwe upya. Mahali tambarare alikwenda vizuri tu na fimbo yake, polepole, akisalimia watu. Adui yake alikuwa ngazi. Hata kizingiti cha jikoni kwake alikivuka baada ya kukitazama kwanza, kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani.

Sasa huyo Bibi ndiye aliyemzaa Shangazi, na ndiye aliyemlea Chiriku tangu wazazi wa mtoto walipofariki, akiwa hajaota hata jino. Alimpa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake, maana tangu alipojua kusema hakunyamaza mpaka kamati ilipoundwa. Katika harusi hii Bibi hakutaka kitenge kipya wala kiti cha dhahabu. Alitaka kukaa mbele, karibu kabisa, asikie kwa masikio yake neno "nimekubali" likitoka, na auone mdomo uliolia usiku kucha kwa ajili ya uji ukitetemeka kwa ajili ya mume. Ni hilo tu. Lakini kwa Shangazi, "hilo tu" lilikuwa halimo kwenye ratiba.

Shangazi alitaka ngazi.

Kisa chenyewe kilianzia kwa mama wa bwana harusi. Mama huyo alikuwa amemwoza binti yake mwaka uliotangulia, na siku hiyo aliingia ukumbini akishuka ngazi, gauni likimfuata nyuma kama mkia wa tausi, watu wakasimama, wakapiga vigelegele. Tangu siku ile, mama wa watu, hata akienda dukani kununua chumvi, anatembea kama anashuka ngazi. Shangazi aliiona picha ile, akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama mpaka simu ikazima. Kesho yake akamwita fundi cherehani apimwe gauni. Bi harusi alikuwa bado hajapimwa la kwake.

"Ndoa na tafrija vyote chini ya paa moja," alitangaza. "Na paa hilo liwe na ngazi."

"Kweli kabisa," akasema Mjomba.

Walipoanza kuzunguka kutafuta ukumbi, Bibi naye alitiwa garini, asije akasema baadaye hakushirikishwa. Gari lilikuwa la Fundi, bwana harusi mtarajiwa, kijana mpole aliyekuwa akitengeneza na kuhamisha mafriji. Lilikuwa gari la kazi, lenye harufu ya mpira na gesi. Shangazi alikaa mbele. Bibi, Chiriku na Mjomba walibanana nyuma, na katikati yao friji ndogo ya mteja isiyo na mlango.

Ukumbi wa kwanza ulikuwa wa chuo cha ufundi. Mlango wake mpana, sakafu imelala sawasawa kutoka barabarani hadi jukwaani, madirisha makubwa, feni zinazunguka bila kelele. Bibi aliingia kwa miguu yake mwenyewe, akaenda mpaka safu ya mbele, akakaa, akaweka fimbo mapajani. Kutoka pale angeweza kuhesabu kope za bi harusi.

"Bibi, umepapenda?" Chiriku akauliza.

"Mimi nimeshafika harusini. Nawasubiri nyinyi."

Chiriku akacheka, akamgeukia Shangazi. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anautazama ule usawa wa sakafu kama ametukanwa.

"Ngazi ziko wapi?"

"Hakuna ngazi, mama," akasema mtunza ukumbi, kwa fahari ya mtu anayetaja sifa. "Watu wote wanaingia kwa raha."

"Ndiyo kasoro yenyewe. Mtu anaingia hapa kama anaingia dukani kuuliza bei ya betri. Nani atageuka kumtazama?"

"Bi harusi watamtazama," akasema Chiriku.

"Bi harusi hayuko peke yake," akasema Shangazi, akatoka.

Ukumbi wa pili ulikuwa juu ghorofani. Lifti ilikuwapo, ila mlangoni mwake paliegeshwa ufagio na ndoo. Fundi akamuuliza mlinzi ina nini.

"Inatengenezwa."

"Mtengenezaji yuko wapi?"

"Amekwenda kula."

"Tangu saa ngapi?"

Mlinzi akafikiri. "Mimi nilivyoajiriwa, nilimkuta ameshakwenda."

Basi wengine wakapanda kwa miguu, Bibi akabaki chini kwenye benchi la mlinzi. Hapo ndipo Shangazi alipomletea dawa ya magoti aliyoigundua yeye. Simu ya Bibi ikaita, picha ikafunguka.

"Mama! Siku ya harusi tutakurushia mubashara! Utakuwa zako nyumbani, umekunja miguu yako, unaona kila kitu kuliko hata waliopo. Haya, unatuona?"

Bibi akaisogeza simu, akaisogeza tena. Aliona feni, akaona ukuta. Kisha likaja giza lenye nywele.

"Namwona Mjomba," akasema.

"Anafanya nini?"

"Sijui. Nimemwingia puani."

Mlinzi alijikunja kwa kicheko. Bibi hakucheka. Aliushika ule mkebe wa kioo kiganjani, akajiona yuko peke yake sebuleni siku ya harusi, amevaa nguo nzuri, anaangalia kidoa cha ukubwa wa harage, ndiye mjukuu wake, na pale pa kusema "nimekubali" mtandao unakatika, kinabaki kile kiduara kinachozunguka. Roho ikamwuma. Alimjua mwanawe: akishalitoa wazo mbele ya watu, halirudi. Nyumbani bado walikuwa na saa ya ukutani inayokwenda kinyume, kwa kuwa Shangazi ndiye aliyeichagua.

Ukumbi wa tatu ndio uliommaliza Shangazi. Ulikuwa umechimbwa chini. Unaingia kutoka barabarani unajikuta juu kabisa, kwenye kibaraza chenye zulia jekundu, na mbele yako ngazi pana zinateremka kwa mzunguko mpaka katikati ya ukumbi, vyuma vya kushikia vinang'aa, taa zimezimulika kama vito dukani. Meneja alikuwa amevaa suti iliyombana mpaka akawa anaongea kwa sehemu ndogo ya mapafu, na manukato yake yalifika kabla yake.

"Hapa bi harusi haingii," akasema meneja, akinyoosha mkono. "Hapa anatokea."

"Anatokea!" Shangazi akanong'ona, akashika kifua.

"Ana-to-ke-a," akasema Mjomba, kwa mara ya kwanza akiongeza neno lake.

Shangazi hakungoja. Alimpa Bibi kiti karibu na mlango, akaushika mkoba wake kifuani kana kwamba ni shada la maua, akamwamuru Mjomba ashuke chini amtangaze. Mjomba akatangaza. Shangazi akashuka, kidevu juu, mguu mmoja unausubiri mwingine. Chini wahudumu walikuwa wanakunja vitambaa vya meza kwa shughuli ya jioni. Wakainua macho, wakamwona mama mmoja na mkoba wake, wakarudi kwenye vitambaa. Akapanda, akashuka tena kwa tabasamu pana zaidi. Mara ya tatu akashuka akiwa amegeuza shingo upande, kama wanavyofanya kwenye picha. Mhudumu mmoja akamuuliza kama anatafuta choo.

"Tumepata ukumbi!" Shangazi akatangaza kutoka chini, anahema. "Meneja, lete karatasi!"

Chiriku alikuwa bado juu, kasimama nyuma ya kiti cha Bibi.

"Shangazi, na bibi atapita wapi?"

"Si tumeshaongea? Bibi ni mubashara."

"Sikuongea mimi. Bibi asiposhuka humu, na mimi sishuki. Mtaoa ngazi."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu kamati iundwe kwa Chiriku kutoa sauti yake yote, na ilijaa ukumbi mzima, hata wahudumu wakasimamisha vitambaa. Shangazi akaanza kuvimba. Bibi akajua sasa hivi patachimbika, na harusi yenyewe inaweza kugeuka ugomvi wa familia kwa sababu yake. Alikuwa ameshafungua mdomo aseme basi, mwanangu, niacheni nyumbani, Fundi akamtangulia.

"Jamani, kwani bibi tatizo liko wapi? Mkanda wa friji uko garini."

"Mkanda wa nini?" akauliza Shangazi.

"Wa kubebea friji. Mimi kila siku napandisha mafriji ya milango miwili ghorofani. Bibi ni mlango mmoja tu."

"Na taa ya ndani imeshaungua," akasema Bibi. "Haya, mume wangu, nibebe. Mke mwenzangu asione wivu."

Chiriku akacheka huku machozi yanamlengalenga. Fundi alikwenda akaleta ule mkanda mpana, akaupitisha chini ya kiti na mabegani kwake, akamwita mlinzi wa mlangoni ashike upande wa pili, maana Mjomba alishasema ana mgongo. "Friji hailazwi," Fundi akamwelekeza mlinzi. "Wima muda wote. Ukiilaza mafuta yanaingia kwenye mabomba." Wakamnyanyua Bibi.

Mwanzoni Bibi aliona haya. Mtu mzima kubebwa kama kabati la kuhamia si jambo la kufurahisha, na alifumba macho, akashika fimbo kwa nguvu. Lakini Fundi alikuwa na mwendo wa kazi yake, hatua kwa hatua, bila mtikisiko, na kwenye mzunguko wa ngazi Bibi akafumbua jicho moja. Wahudumu wote walikuwa wamesimama. Mpambaji aliyekuwa juu ya ngazi yake ya mbao amegeuka, maua mdomoni. Mpigapicha wa ukumbi, aliyekuwa amesinzia pembeni wakati wote Shangazi akipanda na kushuka, alikuwa anakimbia huku anaivua kamera mfuniko. Mhudumu mmoja akapiga kofi, wa pili akamfuata, kisha ukumbi mzima ukalipuka. Binti mmoja wa jikoni akaachia kigelegele hata sufuria zikamwitikia.

Bibi akafumbua la pili. Akainua mkono, akawapungia.

Hapo ndipo alipomwona mwanawe. Shangazi alikuwa amesimama chini ya ngazi na mkoba wake kifuani, uso umemshuka kama pazia lililokatika kamba. Bibi alimfahamu mtu huyu tangu akiwa tumboni, ambako pia alikuwa akipiga mateke apate nafasi kubwa kuliko aliyopewa. Akamtazama, akawatazama wapigaji makofi, akayameza maneno ya huruma aliyokuwa ameyaandaa. Alipotuliwa sakafuni, alijifanya hamnazo.

"Nirudisheni juu," akasema.

"Kuna nini, bibi?" Fundi akashtuka. "Nimekuumiza?"

"Sikupunga vizuri. Mkono ulichelewa."

Wakampandisha. Wakamshusha. Safari hii alipunga kushoto na kulia, akatikisa na kichwa. Mpigapicha akapiga magoti kumpata vizuri. Meneja alikuwa ameshika karatasi za mkataba, macho yanamwaka.

"Hii sijawahi kuiona! Mama, siku yenyewe tukuwekee na moshi?"

"Moshi wa kuni?"

"Hapana, moshi wa mashine, mweupe, unatoka chini ya miguu. Na taa moja tu, inakufuata wewe."

"Wewe kijana umefundishwa kazi. Weka. Na nani anaingia mwisho kwenu?"

"Mwisho huingia mgeni mkubwa kuliko wote. Kila mtu ameshakaa, kila jicho liko juu."

"Basi ni mimi."

"Mama!" akasema Shangazi. "Wa mwisho kabla ya bi harusi ni mimi. Ipo kwenye ratiba!"

"Wewe si utakuwa umeshapita, mwanangu? Tangulia, unisafishie njia. Halafu usiende mbali, usimame hapo chini unipokee fimbo."

Mjomba, kwa mazoea, akasema, "Kweli kabisa." Shangazi alimgeukia kwa jicho ambalo lingeweza kukausha nguo.

"Napapenda hapa," Bibi akaendelea, akiupapasa mkono wa kiti. "Zile kumbi nyingine siziwezi tena. Ule wa chuo cha ufundi ndio usinitajie kabisa. Mtu unaingia kwa miguu yako, unakaa, basi, hakuna anayekuona? Mwanangu, wewe una macho ya kuchagua. Mimi nilidhani ngazi ni za nini, kumbe!"

Shangazi akaenda kwenye ngazi, akaigusa ya kwanza kwa ncha ya kiatu.

"Hizi ngazi zinateleza," akasema.

"Mbona umeshuka mara tatu hukuteleza?" akauliza Chiriku.

"Nilikuwa nateleza ndani kwa ndani. Nimejikaza tu."

"Mama, kuna zulia," akasema meneja.

"Zulia ndilo linalotelezesha. Mjomba!"

Mjomba akapiga mguu kwenye ngazi, akayumba kwa makusudi, akashika chuma. "Hatari tupu," akasema.

"Mimi siwezi kuhatarisha maisha ya mama yangu mzazi kwa ajili ya moshi," Shangazi akasema, na sauti yake ikaanza kulowa. "Watu watasema nini? Mzee wa watu abebwe kama mzigo wa sokoni? Nimefikiri sana. Nimeamua, pamoja na kwamba inaniuma. Tunakwenda chuo cha ufundi."

Bibi akaguna, akainamisha kichwa kama mtoto aliyenyang'anywa pipi. "Haya, mwanangu. Ukiona hivyo. Nilishaanza kuzoea."

"Ni kwa ajili ya magoti yako, mama."

"Nayo yamesikia."

Meneja aliyakunja makaratasi yake taratibu. Walipokuwa wanampandisha Bibi kurudi barabarani, Fundi alimwinamia sikioni. "Mkanda niurudishe kazini, bibi?"

"Uache garini mpaka siku yenyewe. Huyu simwamini."

Na hakukosea kutomwamini. Jioni ile Shangazi aliwapigia ndugu wote, mmoja baada ya mwingine, kuwaeleza jinsi alivyojinyima ngazi kwa mapenzi ya mama yake. Kwa wengine alilia. Lakini gauni lilikuwa limeshashonwa, mkia na yote, na gauni la namna ile halivaliwi kuingilia kama mtu anayeuliza bei ya betri. Kwa hiyo akamwita seremala.

"Nataka ngazi. Uziweke jukwaani, nyuma niwekewe pazia."

"Sawa, mama. Zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote. Zinashuka."

Seremala alikuwa amejenga vibanda, mapaa na mabanda ya kuku, lakini ngazi inayoshuka bila kutoka mahali hakuwahi kuijenga. Akajikuna, akaijenga. Ilikuwa ndefu, imepakwa rangi nyeupe, imezungushiwa maua ya plastiki, na juu yake palikuwa na kijukwaa cha kusimama mtu mmoja. Kufika pale juu ilikubidi Shangazi apande kwa nyuma, kwenye ngazi ya mafundi rangi, gauni amelikusanya lote kwapani.

Siku ya harusi alipanda mapema. Mpango ulikuwa hivi: msajili wa ndoa akishakaa, Mjomba atangaze, pazia lifunguke, Shangazi ashuke kati ya vigelegele, na ndipo bi harusi aingie. Mjomba alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, amesoma maneno yake tangu alfajiri. Na kweli alitangaza, pazia likafunguka, na Shangazi akatokea, ana-to-ke-a hasa, amemeremeta toka juu mpaka chini.

Ila wakati huohuo mlango mkubwa wa ukumbi ulifunguka, kwa kuwa mlango wa tambarare haungoji ratiba, na Chiriku akaingia amemshika Bibi mkono. Watu wote wakasimama, wakageukia mlangoni. Migongo mia kadhaa ikamwelekea Shangazi.

Bibi alitembea kwa mwendo wake. Chiriku alikuwa anamsemesha chinichini bila kupumzika, kuhusu viatu vinavyobana, kuhusu Fundi aliyenyoa vibaya, na Bibi anajibu na kusalimia huku na huku. Katika umati wote ule, walikuwa wao wawili tu walioangalia upande wa jukwaa, kwa hiyo Bibi alimwona mwanawe vizuri kabisa, kule juu, ameganda na tabasamu lake, akingoja nyuso zigeuke. Bibi angeweza kuongeza mwendo kidogo. Siku hiyo magoti yalikuwa yamekubaliana. Badala yake, katikati ya ukumbi, alisimama, akainama, akakirekebisha kiatu ambacho hakikuwa na tatizo lolote, kisha akakirekebisha na cha pili.

Walipofika mbele, msajili, mtu mwenye harusi nyingine baada ya hiyo, alianza pale pale. Shangazi akajaribu kushuka. Ngazi, ambayo mbao zake zilikuwa mbichi, ikatoa mlio kama wa punda. Msajili akainua jicho. Shangazi akarudisha mguu, akabaki juu.

Bibi alikuwa amekaa safu ya mbele, karibu na mama wa bwana harusi, goti kwa goti na harusi yenyewe. Akaiona mikono ya Fundi, iliyobeba mafriji ya mji mzima, ikihangaika na pete. Akauona mdomo wa Chiriku ukitetemeka, ukajikaza, ukatetemeka tena. Akalisikia neno. Lilitoka dogo, lenye mkwaruzo, na lisingesikika kwenye simu ya mtu yeyote. Akalia bila kujificha, akafuta uso kwa kiganja.

Mama wa bwana harusi akampa leso, kisha akamgusa bega, macho yake yakiwa juu ya jukwaa.

"Samahani, mama. Yule pale juu ni nani?"

"Ni wangu," akasema Bibi, akipenga.

"Mbona hashuki?"

"Anangoja watu wasimame."

Mama wa bwana harusi akageuka nyuma kuutazama ukumbi. Watu wote walikuwa wameshakaa.